Kupima msongo wa mawazo wa muda mrefu kwa dodoso: jinsi ya kujaza, kuhesabu na kusoma alama

Msongo wa mawazo sugu hauna kipimo cha damu cha kutegemewa. Homoni ya kotisoli, ambayo mwili huitoa kwa wingi unapokuwa kwenye shinikizo, hupanda na kushuka ndani ya siku moja: hufika juu muda mfupi baada ya kuamka, kisha huteremka hadi usiku. Mtu akitolewa damu saa 2 asubuhi baada ya kusukumana kituoni Mbagala Rangi Tatu, majibu yatasimulia habari za asubuhi ile, na hayatagusa miezi minne aliyoishi na deni. Kwa hiyo hata watafiti wanaotumia maabara huongeza dodoso, yaani maswali ambayo mtu anayajibu mwenyewe na kila jibu lina alama yake.

Dodoso zuri ni bure, linajazwa ndani ya dakika tano hadi kumi, na linahitaji kalamu na karatasi tu. Linaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukosea hesabu, kosa ambalo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Ya pili ndiyo kubwa zaidi: kujaza mara moja, kupata namba, na kujitangazia kwamba una msongo sugu au huna. Dodoso linalouliza habari za mwezi mmoja linapima mwezi mmoja. Usugu unaonekana pale tu kipimo kilekile kinaporudiwa kwa utaratibu uleule, na maelezo haya yote yanaelekea huko.

Dodoso la kuanzia

Anza na lile linalojulikana kwa kifupi kama PSS-10 (Perceived Stress Scale, yaani kipimo cha msongo jinsi mtu mwenyewe anavyouona). Lilitokana na dodoso la maswali 14 lililochapishwa mwaka 1983 na Sheldon Cohen na wenzake huko Marekani; toleo la maswali 10 likafuata mwaka 1988, na ndilo linalotumika zaidi leo. Tunalipendekeza kwa sababu haliulizi una matatizo gani. Linauliza unavyoyaona maisha yako: je, yanatabirika, unayamudu, au yamekulemea? Mfanyakazi wa benki pale Posta na mama lishe wa Buguruni wanaweza kujibu maswali yaleyale ingawa mizigo yao haifanani hata kidogo.

Kuna orodha za aina nyingine zinazohesabu matukio: kufiwa, kuachana, kufukuzwa kazi, kuhama. Maarufu ni ile ya Holmes na Rahe ya mwaka 1967 yenye matukio 43, ambamo kufiwa na mwenzi wa ndoa kunapewa alama 100 na mengine yote yanapimwa kwa kulinganishwa nalo. Ina thamani yake, ila kwa msongo wa muda mrefu haitoshi. Mzigo wa watu wengi wa jiji hili la Dar es Salaam hauna tarehe ya tukio. Ni foleni ya kila siku, mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mkopo wa kausha damu unaolipwa kila jioni. Hakuna siku hata moja ambayo mtu atasema jambo kubwa limetokea, na bado amechoka.

Haya ndiyo mambo kumi yanayoulizwa na PSS-10, kwa maneno yetu. Kila swali linaanza na "Katika siku 30 zilizopita, ni mara ngapi…"

1. umevurugika kwa sababu ya jambo lililotokea bila kutarajia?
2. umeona mambo ya muhimu maishani mwako yako nje ya uwezo wako?
3. umejisikia una wasiwasi na msongo?
4. umejiamini kwamba unaweza kushughulikia matatizo yako binafsi?
5. umeona mambo yako yanakwenda unavyotaka?
6. umeona umeshindwa kumudu yote yaliyokupasa kufanya?
7. umeweza kuyadhibiti mambo yanayokukera?
8. umeona umeyashika mambo yako barabara?
9. umekasirishwa na mambo ambayo huna uwezo nayo?
10. umeona matatizo yamerundikana kiasi kwamba huwezi kuyamaliza?

Kila swali linajibiwa kwa namba kuanzia 0 hadi 4: 0 ni haikutokea kabisa, 1 ni mara chache sana, 2 ni mara mojamoja, 3 ni mara nyingi, 4 ni mara nyingi sana. Kama unafanya utafiti wa chuo au wa shirika, usitumie tafsiri hii. Tafuta toleo la Kiswahili lililokwisha kujaribiwa na ulitaje kwenye ripoti yako. Kwa kujipima mwenyewe, maneno haya yanatosha ilimradi usiyabadilishe kutoka mwezi hadi mwezi.

Kabla ya kushika kalamu

Amua tarehe. Kama unalipwa mshahara, jaza katikati ya mwezi, tuseme tarehe 15, na kila mwezi iwe hiyohiyo. Anayejaza tarehe 28 mshahara ukiwa umeingia jana, kisha mwezi unaofuata akajaza tarehe 22 akiwa hana hata nauli, ataona alama zimepanda na kudhani hali yake imebadilika, kumbe kilichobadilika ni siku ya kujaza. Kwa machinga, bodaboda, fundi au yeyote anayeingiza fedha kila siku, tarehe ya mwezi haina uzito huo. Hao wajaze kila baada ya siku 28 ili iangukie siku ileile ya juma. Jumapili mchana au Jumatatu usiku, zote sawa, ila ikishakuwa Jumapili ibaki Jumapili.

Chagua saa pia. Usijaze ndani ya daladala wala ukiwa umefika nyumbani sasa hivi huku jasho halijakauka. Hali ya dakika hii hupaka rangi kumbukumbu ya mwezi mzima: mwenye hasira sasa hukumbuka hasira zote, aliyecheka sasa hivi husahau nusu yake. Pumzika nusu saa, kula, kaa mahali pasipo na mtu wa kuchungulia. Hili la kuchunguliwa si dogo kwa wanaoishi chumba kimoja na familia. Mke au mume akiwa pembeni, swali la sita na la kumi hupata majibu ya heshima badala ya majibu ya kweli. Kama nyumbani hakuna faragha, jaza kazini wakati wa chakula au kwenye benchi la zahanati.

Kisha andika juu ya karatasi tarehe mbili: leo, na siku ya 30 kurudi nyuma. Ukisema tu "mwezi uliopita," mmoja atafikiria siku 30 na mwingine atafikiria kuanzia tarehe mosi hadi mwisho wa mwezi uliokwisha, na hivyo ni vipindi viwili tofauti. Ukiona tarehe zimeandikwa, angalia kalenda na ujikumbushe mambo mawili matatu yaliyotokea katikati yake. Kumbukumbu ikiachiwa yenyewe huchota wiki ya mwisho tu.

Jambo la mwisho la maandalizi ni namba zenyewe. "Mara nyingi" ya mtu mmoja ni "mara chache" ya mwingine, na hata kwako mwenyewe inaweza kuteleza kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu. Dodoso la asili lina maneno tu, ila sisi tunashauri ujiwekee vipimo vya siku na uvibandike juu ya karatasi: 1 ni siku moja au mbili katika siku 30, 2 ni karibu mara moja kwa wiki, 3 ni siku kadhaa katika kila wiki, 4 ni karibu kila siku. Ukishavipanga, usiviguse.

Kujaza

Soma swali mara moja, weka jibu la kwanza linalokujia, endelea. Anayekaa dakika tatu kwenye swali moja huanza kujitetea. Lengo ni dakika tano hadi saba kwa yote kumi.

Mtego mkubwa hapa kwetu ni adabu ya shukrani. Tumelelewa kujibu "namshukuru Mungu" hata nyumba ikiwa imeingia maji hadi kitandani. Ni tabia njema ya kusalimiana, na imani ni msaada wa kweli kwa mtu aliyelemewa, ila kwenye karatasi hii inaficha kinachotafutwa. Angalia hasa swali la nne na la tano. Aliyejibu 4 kwenye la tano kwa maana ya kwamba anaamini mambo yatakwenda vizuri amejibu habari ya imani yake. Swali linataka hesabu: katika siku zile 30, ni siku ngapi mambo yalikwenda kweli kama ulivyotaka?

Mtego wa pili ni kwa anayesomewa maswali na mtu mwingine, tuseme mzazi asiyeona vizuri. Ukimuuliza "Hukuweza kumudu kazi zako?" naye akajibu "ndiyo," huenda anakubali kwamba hakuweza, na huenda anasema aliweza. Ndiyo maana kila swali hapo juu linauliza "ni mara ngapi" na linatafuta namba. Shikilia hivyo. Msomee swali lote, kisha msomee majibu yote matano, na usimsaidie kwa kumkumbusha: "Mama, si juzi ulikuwa unalia?" Ukishasema hivyo, jibu linalofuata ni lako.

Kuhesabu, na mahali hesabu inapoharibika

Maswali sita yanauliza mabaya: la 1, 2, 3, 6, 9 na 10. Namba uliyoandika ndiyo alama yake. Maswali manne yanauliza mema: la 4, 5, 7 na 8. Haya lazima yageuzwe kabla ya kujumlisha: 0 inakuwa 4, 1 inakuwa 3, 2 inabaki 2, 3 inakuwa 1, 4 inakuwa 0. Njia rahisi ni kutoa jibu lako kwenye 4. Jumla inaweza kuwa kuanzia 0 hadi 40.

Chukua mfano wa mtu aliyejibu hivi kuanzia swali la kwanza hadi la kumi: 3, 3, 4, 2, 1, 3, 2, 1, 3, 2. Maswali sita ya mabaya yanampa 3+3+4+3+3+2, yaani 18. Ya mema yalikuwa 2, 1, 2, 1. Yakigeuzwa yanakuwa 2, 3, 2, 3, jumla 10. Alama zake ni 28. Asingegeuza, angepata 24. Tofauti ya pointi nne inatosha kumtoa kwenye kundi la juu (27 na kuendelea) na kumrudisha la kati (14 hadi 26), na angelala akidhani hali si mbaya sana.

Ziandike zile jumla mbili, 18 kati ya 24 na 10 kati ya 16, hata baada ya kupata 28. Ya kwanza inaonyesha uzito wa mzigo, ya pili inaonyesha jinsi uwezo wa kuubeba ulivyopungua. Mtu ambaye ya kwanza iko juu na ya pili iko chini ana mambo mengi ila bado anajiona ana mikono. Mwenye zote mbili juu anahitaji kupunguziwa mzigo kwanza. Ushauri wa "jipange vizuri" hautamfaa, maana hana tena cha kujipangia.

Sasa angalia jambo linalowaponza hata maofisa wanaokusanya karatasi mia kwa siku. Mtu akichoka au asipoelewa, huzungushia namba ileile kuanzia juu hadi chini. Kwa sababu ya maswali yanayogeuzwa, karatasi ya namna hiyo haitoi jumla ya ajabu. Aliyeweka 0 kote anapata 16. Aliyeweka 4 kote anapata 24. Aliyeweka 2 kote anapata 20. Zote zinaangukia kwenye kundi la kati na zinaonekana za kawaida kabisa. Kabla ya kujumlisha, tupia jicho mstari wote: mtu hawezi kushindwa kila kitu karibu kila siku na wakati huohuo kuona mambo yake yako barabara karibu kila siku. Ukiona hivyo, karatasi haihesabiki. Irudiwe siku nyingine.

Ukiruka swali moja, geuza yanayopaswa kugeuzwa, tafuta wastani wa tisa yaliyobaki, uuweke mahali palipo wazi. Ukiruka mawili au zaidi, jaza upya.

Kusoma alama

Utakuta sehemu nyingi mgawanyo huu: 0 hadi 13 msongo mdogo, 14 hadi 26 wa kati, 27 hadi 40 mkubwa. Utumie kama alama za njiani tu. Walioliunda dodoso hawakuweka mpaka wa ugonjwa, na wenyewe wamesema wazi kwamba si kipimo cha kumtambulisha mtu kuwa mgonjwa. Wastani wa karibu 13 unaotajwa mara nyingi ulitoka kwa Wamarekani miaka ya 1980, watu ambao mazingira yao hayafanani na ya Tandale wala ya Masaki. Usijilinganishe nao. Mtu wa kujilinganisha naye ni wewe wa mwezi uliopita na wa mwezi ujao.

Na katika kujilinganisha, usishtuke kwa pointi mbili tatu. Kila dodoso lina kuyumba kwake. Ukichukua mtawanyiko wa alama (jinsi alama za watu zinavyoachana na wastani) wa karibu 6 na uthabiti (jinsi dodoso linavyotoa majibu yaleyale, ambapo 1 ni kamili) wa karibu 0.85, ambavyo ni vya kawaida kwa dodoso hili, hesabu ya makosa ya kipimo inatoa tofauti ya pointi 6 hadi 7 kabla ya kusema kwa uhakika kwamba kitu kimebadilika. Kutoka 23 kwenda 21 hakuna habari. Kutoka 28 kwenda 20 kuna habari njema.

Vipimo vitatu ndivyo vinavyosema kama ni sugu

Nguvu ya alama za PSS kutabiri mambo hupungua haraka baada ya wiki nne hadi nane. Kwa hiyo karatasi ya Machi haisemi chochote cha maana kuhusu Juni. Kanuni tunayoipendekeza ni ya kazi, si sheria: jaza mara tatu, mwezi baada ya mwezi, kwa tarehe na saa ileile, kisha weka namba tatu kwenye mstari mmoja.

Mstari wa 29, 17, 15 ni wa mtu aliyepatwa na jambo kubwa, pengine msiba au kupotelewa na mtaji, na sasa anainuka. Mwezi wa kwanza alikuwa kundi la juu kabisa, na bado huo si usugu. Mstari wa 22, 23, 21 ni tofauti. Hakuna mwezi hata mmoja aliofika 27. Angejaza mara moja, angeambiwa yuko "kati" na kuachwa aende zake. Ila miezi mitatu mfululizo hajapata mahali pa kushusha mzigo, na huu ndio msongo unaokula usingizi, subira na afya polepole. Kama tungelazimika kuchagua nani asaidiwe kwanza kati ya hawa wawili baada ya miezi mitatu, tungemchagua wa pili bila kusita. Alama tatu mfululizo za 20 na kuendelea zichukuliwe kuwa sababu tosha ya kubadili kitu au kutafuta msaada.

Pamoja na kila karatasi, jaza mistari michache ya mazingira, la sivyo namba zitakudanganya. Andika: ada za shule zimelipwa mwezi huu? Kodi? Kuna mgonjwa nyumbani? Saa unazolala kwa wastani? Saa unazotumia barabarani kwenda na kurudi? Maji na umeme vilikuwaje? Januari ya jiji hili, yenye ada, sare na madaftari kwa pamoja, hupandisha alama za mzazi yeyote. Ramadhani hubadilisha usingizi wa anayeamka kula daku. Masika yakifunga barabara ya Jangwani, wa Magomeni na wa Kimara wote huchelewa. Ukianza kupima Desemba na kumalizia Februari, Januari imekaa katikati, kwa hiyo ongeza kipimo cha nne mwezi Machi kabla ya kuamua.

Ukiweza, ongeza kitu kidogo cha kila siku. Kila usiku kabla ya kulala, andika kwenye simu namba moja kati ya 0 na 10 ya uzito wa siku hiyo, na saa ulizolala usiku uliopita. Mwisho wa mwezi, karatasi yako na wastani wa namba hizo vikipishana sana, karatasi ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi, kwa kuwa namba za kila usiku hazikutegemea kumbukumbu ndefu.

Wakati wa kubadili dodoso

PSS haiulizi kuhusu mwili, wala huzuni, wala kukata tamaa. Alama zikifika 27, au zikidumu 20 na kuendelea, au ukiona hulali, huli, na vitu ulivyovipenda havikuvutii tena, jaza mengine mawili.

La kwanza ni PHQ-9, maswali tisa ya sonona kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu 0 hadi 3, jumla hadi 27. Hatua zake ni 5 kwa dalili ndogo, 10 za kati, 15 za kati kuelekea kali, 20 kali. Kuanzia 10, nenda kaonane na mtaalamu. La pili ni GAD-7, maswali saba ya wasiwasi kwa kipindi hichohicho, jumla hadi 21, na hapa pia 10 ndiyo namba ya kukufanya uende. Haya hayageuzwi chochote. Ni kujumlisha tu.

Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kwamba ni afadhali kufa au ya kujidhuru. Jibu lolote lililo juu ya 0 hapo halisubiri jumla, halisubiri mwezi ujao. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii, usikae peke yako, na nenda hospitali iliyo karibu. Ukipokea karatasi ya mtu mwingine, swali hilo ndilo la kulitazama kwanza, kabla mwenye karatasi hajaondoka. Muulize waziwazi, kwa upole. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kujiua.

Kuna pia SRQ-20 la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 20 ya ndiyo na hapana kuhusu siku 30 zilizopita. Linawafaa wanaochoshwa na kuchagua kati ya namba tano. Ila linauliza kuhusu kichwa kuuma, hamu ya kula, tumbo na uchovu, na hapa Dar mtu mwenye malaria au upungufu wa damu anaweza kujibu ndiyo mara saba bila msongo wowote. Pima malaria kwanza kama kuna homa. Mpaka wake hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Mara nyingi hutumika ndiyo 8 na kuendelea.

Usihusishe alama hizi na presha moja kwa moja. Wengi wakisikia msongo husema "nina presha ya mawazo" na kuanza kumeza dawa za jirani. Presha inapimwa kwa mashine mkononi, umekaa umetulia dakika tano, zaidi ya mara moja na kwa siku tofauti. Ikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, hilo ni jambo la daktari, iwe alama zako za msongo ni 8 au 35.

Unapokwenda, beba karatasi zote tatu na mistari ya mazingira. Hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Mwananyamala na Temeke, ni mahali pa kuanzia. Uliza kliniki ya afya ya akili pale mapokezi, hakuna haja ya kueleza zaidi dirishani. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara yake. Mtaalamu ana dakika chache na foleni ndefu. Ukimwambia "nimepata 22, 23, 21 kwa miezi mitatu, nalala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, PHQ-9 yangu ni 13," mmeokoa nusu ya mazungumzo.

Ukitaka kupima kikundi

Ofisi, shule na hata vikoba vimeanza kutaka kujua hali za watu wao. Ni jambo jema likifanywa kwa uangalifu. Karatasi zisiwe na majina, wala cheo, wala idara yenye watu watatu ambamo kila mmoja anajulikana. Mkusanyaji asiwe bosi wala mweka hazina anayejua nani anadaiwa. Weka kisanduku chenye tundu, na ripoti itaje wastani wa kikundi cha watu kumi au zaidi, bila kuonyesha karatasi moja moja. Usiingize swali la kujidhuru kwenye karatasi isiyo na jina, kwa sababu mtu akijibu "ndiyo" hutajua ni nani wa kumkimbilia. Badala yake, chini ya karatasi andika mahali pa kupata msaada, na kila mtu aondoke na nakala yake. Na kabla ya kugawa hata karatasi moja, uongozi useme utabadilisha nini wastani ukiwa 25: saa za kuingia, zamu za usiku, tarehe ya mshahara. Wasipokuwa na jibu, msigawe.